Alhamisi Iliyomsubiri Mgeni Rasmi

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini kwa mujibu wa itifaki jina la nchi hutajwa na mgeni rasmi, na mimi si mgeni rasmi. Mimi ni mshereheshaji tu, Gaspari Nyamhanga, mshika kipaza sauti cha serikali. Kazi yangu ni kuwaomba watu wakae, kuwaomba wasimame, kuwaomba wapige makofi, na katikati ya hayo kuwaambia kwamba mgeni rasmi yuko njiani. Kwa hiyo mtanivumilia nikisema "nchi yetu" basi. Wanaoijua wataijua.

Niseme pia mapema kwamba ninaipenda serikali yetu. Nimeagizwa niseme hivyo mwanzoni mwa kila shughuli, na sioni kwa nini hadithi isiwe shughuli.

Katika nchi yetu hakuna kitu kinachoanza kabla ya kuzinduliwa. Kisima kikishachimbwa na kujaa, bado hakina maji mpaka utepe ukatwe. Akina mama hupita kando yake na ndoo zao kwenda mtoni, wakikitazama kwa heshima. Wodi ya wazazi ya mjini kwetu ilikaa imefungwa, magodoro yakiwa bado ndani ya nailoni, na akina mama wakajifungulia kwenye varanda ya wodi hiyo hiyo bila kugusa utepe uliofungwa mlangoni. Nilikuwepo siku ilipozinduliwa. Mgeni rasmi alisema amefarijika kuona wazazi wengi namna ile wamejitokeza kumpokea.

Zamani wageni rasmi walikuwa wengi: mawaziri, wakuu wa mikoa, hata viongozi wa dini. Kiongozi wetu akaona wananchi wanachanganywa, akabadilisha katiba. Sasa cheo chake kamili ni Mgeni Rasmi wa Kudumu, na hana msaidizi. Vitu vyote vya nchi vinamsubiri yeye, naye, kama binadamu yeyote, ana mwili mmoja.

*

Taabu ya tarehe ilianza kwa keki.

Ofisi zote za serikali yetu zimeunganishwa kwenye mfumo mmoja wa kompyuta, na nyuma ya mfumo huo kuna ukurasa wa wasimamizi, ambao raia haruhusiwi kuuona. Huko ndiko kunakoandikwa nani kazaliwa, nani kafungwa, nani kahamishwa kiwanja. Mfumo ni mmoja, ila kila ofisi iliandika tarehe kwa namna yake. Magereza walianza na siku. Hazina walianza na mwezi, kwa sababu kompyuta zao walipewa msaada na watu wanaoandika hivyo. Idara ya Ardhi walianza na mwaka, kwa kuwa kwao hakuna jambo linalochukua muda mfupi zaidi ya huo.

Saa nazo vilevile. Shirika la Umeme lilihesabu saa kuanzia macheo, kama watu. Hospitali Kuu ilihesabu kuanzia usiku wa manane, kama viwanja vya ndege. Siku moja Shirika likatangaza kwenye mfumo kwamba umeme utakatika saa mbili. Hospitali ikawasha jenereta saa mbili ya kwao, usiku, ikalizima kulipopambazuka. Umeme ukakatika saa mbili ya Shirika, asubuhi, mgonjwa akiwa amelazwa mezani kifua wazi. Mgonjwa hakulalamika, kwa hiyo suala likafungwa.

Lakini keki haikufungwa. Mgeni Rasmi wa Kudumu alizaliwa tarehe tano Agosti, na Ikulu iliandika 5/8. Ofisi ya Itifaki, iliyokuwa ikitumia ukurasa wa Hazina, ikasoma nane Mei, ikaandaa keki, halaiki ya vijana na mizinga. Alifurahi, maana nani hafurahii keki. Agosti ilipofika, Magereza, ambao wana tanuri zuri, wakaleta keki ya pili. Hapo ndipo alipohesabu mishumaa. Mei ilikuwa imeongezwa mmoja, Agosti mwingine. Nchi ilikuwa imemzeesha miaka miwili ndani ya mwaka mmoja, na katiba wakati ule ilikuwa bado na sentensi fulani kuhusu umri wa wageni rasmi.

Alisimama na kisu cha keki mkononi, akatoa amri.

"Kuanzia sasa," alisema, "tarehe zote za nchi hii zivae sare."

*

Iliundwa tume. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Barigunda, Waziri wa Mpangilio, mtu anayesifika kwa kupanga mikutano ya kupanga mikutano. Mimi niliitwa ili kufungua vikao na kuvifunga. Mtaalamu wa mfumo alikuwa mwanamke mmoja aitwaye Mhandisi Remija, ambaye alikuwa amekunja mikono kifuani tangu alipoingia, na sikuona akiikunjua.

"Waheshimiwa," Remija alisema alipopewa nafasi, "hili ni jambo la mstari mmoja. Kuna faili la mipangilio. Tukikubaliana siku ianze, ufuate mwezi, kisha mwaka, mimi naandika huo mstari na kurasa zote zinafuata. Chai yenu haitakuwa imepoa."

Kikao kizima kilitazama vikombe.

"Mhandisi," alisema Waziri kwa upole, "unataka kuniambia kwamba amri ya Mgeni Rasmi wa Kudumu inatimizwa kwa mstari mmoja?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na jiwe la msingi utaliweka wapi?"

Ni kweli Remija hakuwa amelifikiria.

Tukaanza kujadili nani atangulie. Hazina walisema mwezi, Ardhi wakasema mwaka, kwa sababu ndiye mkubwa, na mkubwa hawezi kuwekwa mkiani. Mjadala ulikuwa mkali kiasi kwamba watu waliacha kusinzia. Mwishowe Ofisi ya Itifaki ikatuokoa. Ofisa wao alisimama akaeleza kwamba katika shughuli zetu wadogo hufika kwanza, wakubwa baadaye, na mkubwa kuliko wote hufika mwisho kabisa, watu wakiwa wameshachoka. Basi siku ifike kwanza, mwezi uifuate, na mwaka uingie mwisho, maana mwaka ndiye mgeni rasmi wa tarehe. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Kwenye saa ikawa kazi tena. Kwa utaratibu huo huo ilibidi sekunde zitangulie dakika, na dakika saa. Remija alisema hakuna mtu atakayeweza kuisoma. Waziri akazifuta sekunde kwa azimio, akisema zina kiherehere. Kuhusu saa ihesabiwe kuanzia macheo au usiku wa manane, tume ilikwenda kujifungia kwenye hoteli moja ya kando ya ziwa, ikarudi na samaki na muafaka: kisanduku cha saa kiachwe wazi, na mfumo wenyewe ukijaze pale mgeni rasmi atakapowasili. Kila mtu alikubali kwamba ndivyo tunavyoishi tayari.

Likabaki la uzinduzi. Waziri alieleza kwamba kitu hakiwezi kuzinduliwa kikiwa kimeshaanza; lazima kwanza kisiwepo. Kwa hiyo tarehe za zamani zingezimwa Alhamisi tarehe tatu Aprili, adhuhuri, na Ijumaa asubuhi Mgeni Rasmi angebonyeza kitufe ili zile zenye sare zianze. Katikati ya hapo, kurasa zote zingesimama na kuonyesha Alhamisi.

"Na asipokuja?" aliuliza Remija.

Waziri akamuuliza kama ana watoto. Akasema anao wawili. Waziri akasema hongera. Remija akaandika alichoambiwa aandike.

*

Sasa niwaeleze kuhusu shemeji yangu Nyanjige, kwa sababu bila yeye haya yote yangekuwa mazungumzo ya kompyuta.

Nyanjige ni mshonaji. Ndiye anayeishonea serikali tepe za uzinduzi na vile vitambaa vinavyofunika mawe ya msingi. Mumewe, Masanyiwa, ni fundi mwashi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na ndiyo maana mimi na mkewe tunaitana shemeji. Kuna mto unaokatiza mji wetu, na kuna daraja ambalo limekuwa likijengwa tangu mimi sina mvi. Kila masika mto huo huchukua mtu. Masika moja ulimchukua mama yake Masanyiwa, akiwa na kikapu cha viazi kichwani.

Mwezi uliofuata kulikuwa na mkutano wa hadhara, nami ndiye niliyekuwa na kipaza sauti. Kwa adabu ya mikutano huwa naomba maswali, na kwa adabu ya wananchi huwa hakuna. Masanyiwa akanyoosha mkono. Nikampa kipaza sauti, nikidhani anataka kushukuru.

"Daraja letu," aliuliza, "litaisha lini?"

Huenda msomaji wa nchi nyingine haoni kosa hapo. Kwetu neno hilo la mwisho lina kifungu chake cha sheria: kumdai kiongozi tarehe. Masanyiwa alipewa mwaka mmoja. Hakimu alikuwa mtu mwangalifu, anayejua jinsi ofisi zetu zinavyosoma namba kila moja kivyake. Wafungwa wengine walikuwa wameshatolewa mapema au kuchelewa kwa miezi kwa sababu hiyo. Yeye akaweka siku ya kumtoa iwe tarehe nne mwezi wa nne. Anayeanza na siku aisome hivyo, anayeanza na mwezi aisome hivyo, asikosee mtu. Katika nchi nzima tarehe ya Masanyiwa ndiyo pekee iliyokuwa haina ubishi. Na ilikuwa Ijumaa.

Jumatano ya wiki ile ya uzinduzi Nyanjige aliniletea utepe kibarazani kwangu. Alikuwa ameushona mwekundu, wenye pindo za dhahabu.

"Shemeji, huu nimeushona nikicheka peke yangu kama chizi," alisema. "Keshokutwa nyie mnakata utepe wenu, na mimi naenda kumchukua mtu wangu. Shati lake nimeshalinyoosha. Lile la bluu, la harusi ya mdogo wake."

"Litamtosha?" nilimtania. "Chakula cha serikali kinanenepesha."

"Nitalipunguza. Mkasi si ninao."

*

Ijumaa turubai zikafungwa, viti vikavishwa vitambaa, bendi ya matarumbeta ikaketi juani. Kitufe kilikuwa kimewekwa juu ya meza yenye maua, chekundu, kikubwa kama sahani. Remija alikuwa nyuma ya pazia na kompyuta yake, kwani kitufe hakikuunganishwa na chochote. Mgeni Rasmi akibonyeza, mimi nilitakiwa kukohoa, naye angefanya kazi yenyewe.

Niliwaomba watu wakae. Niliwaambia mgeni rasmi yuko njiani. Ngoma zilicheza, zikapumzika, zikacheza tena. Jua lilipoanza kushuka ikaja taarifa kwamba Mgeni Rasmi alikuwa amekwenda kaskazini kuzindua kituo cha mafuta, na sasa anashindwa kurudi kwa sababu barabara ya kumrudisha haijazinduliwa, na yeye si mtu wa kuvunja itifaki. Alikuwa ameipitaje wakati wa kwenda, sikuuliza. Waziri akatoa tamko kwamba shughuli inaendelea kesho, na kwamba, kwa mujibu wa mfumo, kesho haijafika.

Nyanjige alikuwa langoni mwa gereza tangu asubuhi na shati la bluu kwenye hanga. Aliyekuwa zamu alikuwa Sajini Ngwembe, mtu mwema, tena anayeumia haraka. Nyanjige alinisimulia mwenyewe walivyozungumza.

"Mama, si kwamba nakataa," Sajini alimwambia, akamgeuzia skrini ambayo raia haruhusiwi kuiona. "Tazama mwenyewe. Mumeo anatoka Ijumaa tarehe nne. Leo ni Alhamisi tarehe tatu."

"Afande, leo ni Ijumaa. Nimepishana na watu wakitoka kuswali Ijumaa."

"Hao wana mfumo wao."

"Na wewe unasema ni siku gani? Wewe mwenyewe, si hicho kidude."

Sajini alitazama nyuma yake kwanza. "Mimi, mama, likizo yangu inaanza Jumamosi. Unadhani sijui?"

Akalikubali shati, akaahidi kumfikishia. Baadaye lilirudishwa, kwa sababu nguo za kutokea huvaliwa siku ya kutoka.

*

Ile Alhamisi ilikuwa ndefu. Masika yalinyesha ndani yake, yakaisha. Mahindi yalipandwa Alhamisi, yakavunwa Alhamisi. Watoto wa shule walisoma ratiba ya Alhamisi, yaani hesabu na bustani, mpaka wakawa hodari sana wa bustani. Mitihani ilikuwa Jumatatu, hivyo hakuna aliyefeli. Mwisho wa mwezi haukufika, kwa hiyo watumishi hawakulipwa, na hakuna aliyeweza kusema amecheleweshewa. Waliozaliwa walizaliwa Alhamisi, na waliokufa wakafuata utaratibu huo huo.

Msidhani serikali ilifadhaika. Waziri Barigunda alisimama bungeni akatangaza, kwa sauti iliyojaa unyenyekevu, kwamba tangu Alhamisi ianze hakuna ahadi hata moja ya serikali iliyopitiliza muda wake. Daraja letu, kwa mfano, lilitakiwa kukamilika mwezi Juni, na Juni haikuwa imefika. Wabunge walipiga meza. Masika yale mto ulichukua watu watatu, ila ulikuwa unawachukua kabla ya muda.

Kila asubuhi tulirudi chini ya turubai. Niliwaomba watu wakae. Utepe ulipauka kwa jua, na kila ulipopauka Nyanjige aliagizwa ashone mwingine. Alishona. Vidole vyake vilikuwa vikishona kile ambacho kikikatwa mumewe anatoka, na kila mara kilioza bila kukatwa. Hata kumwona hakuweza, maana siku ya kuwatembelea wafungwa ni Jumapili. Habari alizipata kwa Sajini: kwamba Masanyiwa amepangiwa kujenga ukuta mpya wa gereza, kwamba anakohoa, kwamba anauliza shati limekwenda wapi.

Siku moja alinijia amebeba utepe mpya begani.

"Shemeji, wewe unakaa na wakubwa. Niulizie."

"Nikuulizie nini?"

"Unajua."

"Shemeji, neno hilo ndilo lililomweka mumeo ndani."

"Basi nipeleke kwa huyo mwanamke wa kompyuta."

Nikampeleka. Sijivunii mambo mengi, na hilo nalo silihesabu, kwa kuwa nilisimama mlangoni nikikagua ukumbi kama nimepotea. Remija alikuwa ofisini kwake akila karanga, macho mekundu.

"Dada yangu," Nyanjige alimwambia, "sitaki nchi nzima iendelee. Niandikie Ijumaa ya mtu mmoja tu. Hata ya dakika ile anayopita langoni. Ukimaliza irudishe Alhamisi yao."

"Naweza," alisema Remija. "Ni rahisi kuliko unavyodhani. Lakini mfumo unaandika kila anayegusa kitu: jina lake na tarehe aliyogusa. Wataniona."

"Utasema uliteleza."

Remija alisukuma karanga mbali naye. "Nina watoto wawili," alisema. "Waziri ananiuliza habari zao kila tukionana. Anawajua majina."

Nyanjige alimtazama, akaitika kwa kichwa. Hakumlaani. Kwa kweli ningependa angemlaani, ingekuwa nafuu kwetu sote. Alichukua utepe wake akaondoka, na njia nzima alizungumzia bei ya uzi.

*

Mgeni Rasmi wa Kudumu aliwasili siku ambayo tulikuwa hatumtarajii, wakati vumbi la kiangazi limefunika viti. Msafara uliingia na ving'ora, bendi ikarukia matarumbeta, na mimi nikasema kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ianze kwamba mgeni rasmi amewasili. Watu walilia. Wengine walikuwa na sababu zao.

Nyanjige ndiye aliyebeba sinia yenye mkasi, mkasi wake mwenyewe wa kushonea, kwa sababu ule wa serikali ulikuwa umepata kutu kwa kusubiri. Alipiga goti. Mgeni Rasmi aliukata utepe, akaenda mezani, akabonyeza kitufe. Nikakohoa. Nyuma ya pazia Remija akaandika mstari wake mmoja.

Skrini kubwa ikawaka. Jumanne, 7 Oktoba, na mwaka ukaingia mwisho, kwa heshima zake zote. Kwenye kisanduku cha saa palisomeka: Mgeni rasmi amewasili. Ofisi zote nchini, kutoka Hazina mpaka Ardhi, zikaonyesha maneno hayo hayo, kwa mpangilio huo huo, nukta kwa nukta. Nakiri zilipendeza.

"Ndugu wananchi," alisema Mgeni Rasmi, "kuna wenye nia mbaya watakaowaambia nimechelewa. Wajibuni kwamba mtu hachelewi kwa wakati aliokuja nao mwenyewe."

Tulipiga makofi. Hotuba ilikuwa na sehemu nyingine nyingi, lakini kabla ya sehemu ya pili Nyanjige alikuwa ameshaweka sinia chini na kukimbia. Gereza liko ng'ambo ya uwanja tu. Mkasi aliuacha juu ya meza yangu.

Sajini Ngwembe alimpokea akitabasamu, akageuza skrini, na tabasamu likamtoka.

"Mama," alisema, "mumeo anatoka tarehe nne Aprili."

"Imepita, afande. Imepita zamani."

"Haikupita. Ingepita, mfumo ungeionyesha. Tazama hapa: Alhamisi tatu Aprili, halafu Jumanne saba Oktoba. Siku yako haikuwepo."

"Basi mtoeni leo."

"Mfungwa hutolewa siku yake. Kumtoa baada ya siku yake lazima mkubwa aandike kwamba serikali ilichelewa kumtoa." Sajini alikuwa anajifuta uso. "Na Waziri alishasema bungeni. Tangu Alhamisi hakuna kilichochelewa. Nani ataandika, mama? Mimi?"

Nyanjige alirudi uwanjani akitembea. Nilimwona akija kati ya viti, na nilijua. Mgeni Rasmi alikuwa amekaa na kuletewa soda, nami nilikuwa nimesimama kumwalika mtu wa kutoa neno la shukrani. Watu wa usalama walimpisha, kwa kuwa alikuwa na beji ya kamati ya utepe. Alinyoosha mkono, nami nikampa kipaza sauti. Mpaka leo sijui kwa nini nilimpa. Familia ile mimi huwapa tu.

"Baba," alimwambia Mgeni Rasmi, kwa sauti ya chini kabisa, "mume wangu atatoka lini?"

Mgeni Rasmi alitazama soda yake. Mimi nilifanya kazi yangu: niliwapungia mkono bendi, matarumbeta yakalia, na chini ya matarumbeta wakamchukua. Kiatu chake kimoja kilibaki. Watu wakadhani ni sehemu ya burudani, au walijifanya kudhani, nami nikawaomba wapige makofi.

*

Hakimu alikuwa yule yule mwangalifu. Alimpa miezi sita kasoro, akatafuta siku ya kumtoa ambayo hakuna ofisi ingeweza kuikosea, hata kama sare zingechanika na kila mtu arudie mtindo wake. Akaandika tarehe nne mwezi wa nne, mwaka ujao. Nadhani alimwonea huruma. Masanyiwa yupo upande wa wanaume, amemaliza ule ukuta, na upande wa pili wa ukuta huo yupo mkewe. Kwenye ukurasa wa wasimamizi tarehe zao zimefuatana, siku, mwezi, mwaka, moja juu ya nyingine. Mpangilio ni mmoja. Waziri aliuonyesha ukurasa huo kwa wageni kutoka nje, nao wakaupiga picha.

Mimi mkasi ninao. Nilikuja nao nyumbani siku ile, umo kwenye droo pamoja na hotuba. Naona haya kila nikiifungua droo, kwa hiyo hotuba siku hizi nazisema bila kusoma.

Juzi nimepokea mwaliko. Sare za tarehe zimeonekana kufifia, na mfumo utaboreshwa. Tarehe zinazotumika sasa zitazimwa tarehe tatu Aprili, adhuhuri, na kesho yake asubuhi Mgeni Rasmi wa Kudumu atabonyeza kitufe. Wananiomba nifike mapema, na kama namjua mshonaji mzuri wa tepe, niwaelekeze.

Nimewajibu kwamba nitafika. Nitawaomba watu wakae, na nitawaambia mgeni rasmi yuko njiani.